Kopo na Tanzia: Uhakiki wa Kumbukumbu za Bidhaa Zilizotoweka katika Kiswahili cha Kiamaiko

Katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi, yaliyotoka katika Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi aliiweka soga miongoni mwa fani za mazungumzo, pamoja na hotuba, malumbano na sala. Wahakiki waliofuata wamekimbilia ngano, tendi na methali, na soga wakaiacha barazani ilikokuwa. Sababu yaeleweka: soga haina mtunzi, haina wakati maalumu, wala haina mwisho. Hata hivyo zipo soga ambazo kwa kurudiwarudiwa zimekwisha kujipatia umbo, msamiati na kaida, kiasi kwamba msikilizaji ajua liwezalo kusemwa ndani yake na lisiloweza. Mojawapo ni ile inayofaa kuitwa tanzia ya bidhaa, yaani mazungumzo ambamo watu wazima wa mjini huhesabu, kwa uchungu uliochanganyika na kicheko, vitu vilivyokuwa vikiuzwa zamani na sasa havipo, maduka yaliyofungwa, na mashindano ya zawadi yaliyokuwa yakitangazwa redioni.

Makala haya yaihakiki tanzia hiyo kama isikikavyo katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, hususan Kiamaiko. Hoja yake ni kwamba tanzia hiyo, ingawa ni tamu, huwadanganya wasemaji wake juu ya maisha yao wenyewe, na kwamba kumbukumbu iliyo ya kweli zaidi haimo katika tanzia. Imo katika vipimo vya sokoni, ambako majina ya kampuni yamegeuka kuwa nomino za kawaida bila ya mtu yeyote kuyalilia.

Kiamaiko ni wadi ya eneo la ubunge la Mathare, jirani na Huruma na Kariobangi. Jina lenyewe lina umbo la Kikikuyu. Biashara iliyolipa sifa, yaani kuchinja na kuuza mbuzi, imeshikwa kwa kiasi kikubwa na Waborana, Wasomali na Waburji, na wapangaji wa vyumba pamoja na wachuuzi wa vibandani watoka karibu kila pembe ya nchi. Mahali kama hapo Kiswahili hakihitaji kuhimizwa kwa hotuba za utaifa, maana bila ya hicho mtu wa Moyale hawezi kumwuzia mtu wa Siaya kichwa cha mbuzi. Ni Kiswahili kisichopendwa sana na walimu, lakini kina sifa moja ambayo Kiswahili cha vitabuni mara nyingi hukikosa: hakibebi neno ambalo halina kazi.

Umbo la tanzia ya bidhaa ni rahisi kulieleza. Huanzishwa kwa swali, "Unakumbuka...?", na swali hilo halitaki jibu la ndiyo wala la hapana. Lataka jina jingine. Atajiwaye sharubati ya Treetop hujibu kwa peremende za Goody Goody. Atajiwaye sigara za Crown Bird hujibu kwa maziwa ya KCC yaliyokuwa yakija katika pakiti ya pembe tatu. Mwingine atakumbusha bia ya kiwanda cha Castle cha Thika, kilichofunguliwa mwaka 1998 na kufungwa 2002, na hapo kicheko huzidi, maana vita vya bei baina ya kiwanda hicho na wapinzani wake viliwafaa wanywaji kuliko wenye hisa. Yeyote aliyepata kucheza vitendawili ataitambua kaida hii. Jina hutegwa, jina huteguliwa, na ashindwaye hutoa mji. Tofauti ni kwamba hapa ashindwaye ni kijana, na adhabu yake ni kuambiwa kwamba yeye alizaliwa jana.

Ni fani ya nomino. Majina hupangwa mfululizo kama katika maombolezo ya jadi ambamo mfu hutajwa kwa sifa na nasaba bila ya kuelezwa alitenda nini. Vitenzi vijapo, huja karibu kila mara katika umbo moja, yaani -li- ya wakati uliopita ikisaidiwa na -ki- ya kuendelea: watu walikuwa wakipaka, walikuwa wakinywa, ilikuwa ikiuzwa. Umbo hili lastahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndilo lenye kubeba uwongo wa fani nzima. Sentensi kama "zamani watu walikuwa wakipaka mkate Blue Band kila asubuhi" haisemi ni watu gani, wala ni asubuhi ngapi. Kiambishi -ki- hulichukua jambo lililotokea siku ya Krismasi, au siku ya mshahara, kikalitandaza juu ya mwaka mzima. Katika nyumba nyingi za kipato kidogo mkate uliopakwa kitu ulikuwa tukio. Ukisimuliwa kwa -li- peke yake (walipaka, siku ile, wakafurahi) ungekuwa hadithi. Ukisimuliwa kwa -likuwa wakipaka huwa hali ya maisha, na hali hiyo wengi wa wasemaji hawakuwa nayo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mafuta ya kupikia. Kimbo na Cowboy, zilizotengenezwa na East Africa Industries na ambazo mwanzoni mwa karne hii zilihamia kwa kampuni ya Bidco, hutajwa katika tanzia kana kwamba kila jiko lilikuwa na kopo lake. Anayezijua nyumba za chumba kimoja ajua kwamba mambo hayakuwa hivyo. Mwenye duka alifungua kopo kubwa, akachota mafuta kwa kijiko, akayaweka juu ya kipande cha karatasi, akamkabidhi mtoto aliyetumwa na mama yake na sarafu mkononi. Mnunuzi alikula Kimbo kwa miaka mingi pasipo kulimiliki kopo hata moja. Desturi hiyo ya kuuza vitu kwa vijisehemu leo huitwa kadogo, na wachumi wameipokea kama ugunduzi mpya. Wenye maduka ya mitaani waliijua tangu zamani, ila hawakuwa na jina lake.

Kopo tupu lilibaki kwa mwenye duka. Habari za kopo hilo zitarejelewa, maana lina historia ndefu kuliko mafuta yaliyokuwamo.

Kuna bidhaa moja katika orodha hizi ambayo haikuuzwa kamwe, na ambayo pengine ndiyo itajwayo kwa upendo mkubwa kuliko zote. Nayo ni maziwa ya Nyayo. Mpango wa kuwagawia wanafunzi wa shule za msingi maziwa bila malipo ulitangazwa mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya Daniel arap Moi kushika urais, nao ukadhoofika na kufa katika miaka ya 1990 pamoja na kuanguka kwa KCC yenyewe. Hayakuhitaji tangazo la biashara, na kwa upande mwingine yalikuwa tangazo tupu: kila pakiti ilimsifu mtoaji, na watoto walifundishwa kuimba shukrani. Mhakiki hana budi kuyataja yote mawili. Lakini yafaa kuuliza kwa nini kitu kisicho na ladha ya pekee (maziwa ni maziwa) hukumbukwa kwa utamu kuliko sharubati na peremende. Jibu laelekea kuwa kwamba maziwa hayo yalimfikia kila mtoto aliyekuwa darasani. Hapa -ki- haidanganyi. Watoto walikuwa kweli wakinywa. Tanzia inapofika kwenye maziwa ya Nyayo huwa imegusa, pasipo kujua, kile inachokililia hasa. Majina ya kampuni hupita tu njiani. Kilio chenyewe ni cha siku ambazo kitu kiligawanywa na zamu ya mtu ikafika.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye mashindano ya zawadi, ambayo yaliahidi jambo lilo hilo kwa namna nyingine. Wakati wa Sauti ya Kenya, kabla ya shirika hilo kugeuzwa KBC mwaka 1989, msikilizaji wa Idhaa ya Taifa aliagizwa kukata kifuniko au ubavu wa pakiti, kuutia katika bahasha, na kuutuma kwa posta pamoja na jina na anwani yake. Sharti la anwani lilikuwa chujio la kimyakimya. Mpangaji wa chumba kimoja hana sanduku la posta; aliazima la mwajiri, la kanisa au la shule ya mtoto, na kama alishinda, mwenye sanduku ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Baadaye zikaja zawadi za chini ya vizibo vya soda, kisha zikaja zile za simu ya mkono, kama Bonyeza Ushinde ya Safaricom. Kwa muda wote huo tiketi za Kenya Charity Sweepstake, iliyoanzishwa mwaka 1966, ziliendelea kuuzwa kando ya barabara na kuwafundisha watu subira.

Jina hilo la Bonyeza Ushinde lastahili uhakiki wa kisarufi, kwa kuwa lawakilisha ukoo mzima: nunua ushinde, kunywa ushinde, kata utume ushinde. Muundo wake ni kitenzi cha amri kikifuatwa na kitenzi cha dhamira tegemezi chenye kiishio -e. Muundo huo haukubuniwa na watangazaji. Ni muundo wa methali, na kielelezo chake maarufu ni "Fuata nyuki ule asali". Sikio la Mswahili limezoezwa kwa karne nyingi kuupokea mpangilio huo kama hekima, na mtunga tangazo, ama kwa ujuzi ama kwa bahati, aliazima mamlaka ya wahenga kwa gharama ya maneno mawili. Ni kazi nzuri ya lugha. Wapinzani wa matangazo hawana sababu ya kulikana jambo hilo.

Lakini kuna tofauti. Dhamira tegemezi huonyesha kusudi, haionyeshi hakika. "Bonyeza ushinde" maana yake ni bonyeza kwa nia ya kushinda, haikusema "utashinda". Mwanasheria wa kampuni aweza kulala usingizi. Katika methali, upungufu huo wa hakika hufidiwa na nyuki mwenyewe: msikilizaji amwona, ajua kwamba huruka kuelekea mzingani, na kazi iliyobaki ni miguu yake. Katika tangazo asali huonyeshwa kwa picha na kwa wimbo, ila nyuki hayupo. Hakuna njia ya kufuata kati ya kidole na gari la zawadi. Kilichotwaliwa kutoka katika methali ni mwendo wake tu. Uhusiano wa tendo na matokeo, ambao ndio roho ya methali hiyo, umeachwa nje. Msikilizaji naye, kwa mazoea, huijaza nafasi hiyo kwa wakati ujao, akasikia "utashinda" palipoandikwa "ushinde". Muundo huu haukufa pamoja na mashindano ya zamani. Kampuni za kamari za simu ziliurithi katika miaka ya 2010, na vijana wa Kiamaiko ambao hawakupata kukata pakiti ya sabuni waujua vizuri kuliko baba zao.

Ndiyo maana, katika tanzia, mashindano hukumbukwa kwa namna ya ajabu. Bidhaa hutajwa kwa majina yake. Mashindano hutajwa kwa majina ya walioshinda, au tuseme kwa kivuli cha majina hayo: jirani wa shangazi, mtu wa mtaa wa pili, mzee mmoja wa Kariobangi. Mshindi hayuko kamwe katika mazungumzo. Yeye ni mhusika wa ngano, sawa na yule aliyeokota pete mtoni. Hapo tanzia yajisaliti. Yasema kuwa zamani watu walikuwa wakishinda, na bado hakuna katika wasemaji aliyeshinda.

Maduka makubwa yana sura yake katika fani hii, na mtaalamu wa mofolojia atafaidika kuliko mwanahistoria. Uchumi, iliyoundwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali, ilijipa nomino dhahania ya Kiswahili safi, kana kwamba ununuzi wa sukari ni tendo la ujenzi wa taifa. Na katika miaka ile pengine lilikuwa. Ilifungwa Juni 2006, ikafunguliwa tena, kisha ikafifia moja kwa moja. Nakumatt ilitoka kwenye magodoro ya Nakuru, ikakata jina la mji na jina la bidhaa na kuyashona pamoja. Baada ya hapo likatokea jambo ambalo wanaisimu wangelipenda kulishuhudia mara nyingi zaidi. Kipande -matt, kilichokuwa mabaki ya godoro, kikageuka kuwa kiambishi chenye maana ya duka la kujihudumia, na likawezekana duka la Woolmatt, na la Eastmatt kwa mitaa ya mashariki. Hakuna baraza la lugha lililoketi kuamua. Godoro limekuwa kiishio cha neno, na kiishio hicho kimebaki hai wakati duka lililokizaa limekufa: Nakumatt ilianza kuporomoka mwaka 2017, na wadai wake wakaamua ifilisiwe Januari 2020.

Kadi ya pointi ya duka hilo ni utanzu mwingine wa ahadi. Mteja alipewa pointi kwa kila ununuzi, akazitunza kama mtu atunzavyo akiba, na duka lilipofungwa pointi zikabaki kwenye kadi zisiwe na mahali pa kukombolewa. Hapa tena wengi wa Kiamaiko hawakupoteza kitu, kwa sababu mnunuzi wa kadogo hanunui kwa kadi. Walichokipata kutoka Nakumatt, Tuskys na Uchumi ni mifuko ya plastiki. Mfuko wa duka kubwa uliweza kubeba nyama ya mbuzi, kufunika antena, kuziba nyufa, na kufanya kazi nyingine ambazo adabu ya jarida hili yazuia kuzitaja. Ulikuwa pia alama ya hadhi: aliyepita nao kichochoroni hakuulizwa alikonunua vitu vilivyomo. Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo. Kwa hiyo duka na mfuko wake viliondoka karibu kwa pamoja, na yafaa kusikiliza ni kipi kati ya viwili hivyo hutajwa kwa majonzi ya kweli na mama mwuza mboga.

Tanzia ina vyumba isivyoviingia. Moto wa Nakumatt katikati ya jiji, tarehe 28 Januari 2009, uliua watu zaidi ya ishirini, wateja na wafanyakazi. Katika orodha za utamu jambo hilo husahauliwa, au hutajwa kwa sauti ya chini na mazungumzo yakahamia haraka kwenye biskuti. Si jambo la kuwalaumu wasemaji. Kaida ya tanzia hukataza kumsema mfu vibaya. Ila mhakiki hafungwi na kaida hiyo.

Hali hii si ya Kenya pekee, ingawa Tanzania yatoa picha iliyogeuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, sabuni na mafuta vilipoadimika huko, na hata kabla ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, lugha ya watu ilijaa maneno ya kutafuta: foleni, magendo, ulanguzi. Wazee wa Dar es Salaam wakumbukapo siku hizo hutaja jinsi kitu kilivyopatikana, nani alipenyeza na nani alificha, kuliko jina lililopigwa chapa juu ya kitu chenyewe. Kumbukumbu yao ina vitenzi vingi. Kwa sababu hiyo ni masimulizi yaliyokamilika, yenye wahusika, hila na hofu, hali tanzia ya Nairobi yabaki kuwa orodha. Uhaba, kwa bahati mbaya, ni fundi mzuri wa hadithi.

Wapo wahakiki watakaosema kwamba mjadala wote huu ni wa bure: kwamba majina ya kampuni ni kasumba ya ubepari iliyomwagwa juu ya lugha, na kwamba kazi ya msomi ni kuiosha. Wapo na wa upande wa pili, ambao siku hizi wameongezeka, wanaoyaita majina hayo urithi na kutaka yahifadhiwe kama majumba ya kale ya Lamu. Pande zote mbili zadhani kwamba jina la biashara hubaki kuwa mali ya mwenye biashara. Historia ya Kiswahili yaonyesha vingine. Katika karne ya 19 nguo ya pamba isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts ililetwa Zanzibar kwa wingi, ikaitwa marekani au amerikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865, vilivuruga biashara hiyo, na nguo za Uingereza na za Bombay zikapata nafasi. Jina halikuondoka. Johnson aliliingiza katika kamusi yake ya mwaka 1939, miongo mingi baada ya wafumaji wa kwanza kusahauliwa. Wala halikubakia kwa ajili ya mapenzi. Nguo hiyo ilikatwa kwa mikono na kwa doti, na misafara iliyokwenda bara ililipa kwayo chakula, ushuru na ujira wa wapagazi. Marekani lilikuwa jina la kipimo cha thamani, na jina la kipimo halisahauliki upesi.

Sasa yawezekana kulirudia kopo. Lilipokwisha mafuta, kopo la Kimbo la kilo mbili halikutupwa. Lilikwenda sokoni. Likawa chombo cha kupimia mahindi, maharagwe, viazi na makaa, na likapata jina la gorogoro. Gunia la mahindi la kilo 90 hutarajiwa kutoa magorogoro 45, na faida au hasara ya mchuuzi imo katika utatu wa vitu vidogo: jinsi kopo linavyojazwa, jinsi linavyotikiswa, na jinsi kitako chake kilivyo. Kitako kilichobonyezwa kuelekea ndani humnyang'anya mnunuzi konzi moja kila mara. Mnunuzi mwenye macho hulipindua kopo kwanza. Watu wa pwani walikuwa na neno zuri kwa pishi iliyosawazishwa ukingoni, pishi ya mfuto. Na ugomvi juu ya mfuto na kilele, ambao wasomi waujua kutoka katika kamusi kuukuu, waendelea Kiamaiko na Huruma kila jioni kwa sauti kubwa, bila ya neno lenyewe.

Hapa ndipo penye jambo zito kwa walimu wa Kiswahili. Watoto wa shule wa Kenya wote hukariri "Haba na haba hujaza kibaba". Ni wachache sana, na walimu wao miongoni, wawezao kuonyesha kibaba kina ukubwa gani. Kibaba kilikuwa robo ya pishi. Kilikuwa chombo cha kushikika, chenye ukingo na kitako, na mtu aliweza kudhulumiwa kwacho. Leo ni kina tu cha methali. Gorogoro ni kibaba kilicho hai. Mtoto atumwaye kununua nusu gorogoro ya maharagwe anajua kwa mikono yake kile ambacho methali ilikuwa ikisema kabla haijakaushwa. Lakini kwa kuwa neno hilo halina heshima, darasani halitajwi, na mtoto hufundishwa kwamba hekima ya Kiswahili inahusu vyombo visivyokuwapo. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kupotea kwa chapa yoyote ya sabuni.

Nalo gorogoro halina umri wa milele. Makopo ya bati yametoa nafasi kwa ndoo za plastiki. Jina la Kimbo lipo madukani, kopo lake la zamani halitengenezwi kama lilivyokuwa. Yaliyobaki yana kutu, au yameigizwa na mafundi wa bati kwa vipimo ambavyo hakuna mkaguzi aliyevithibitisha. Mnunuzi huamini jina, na jina halina tena kopo la kulithibitisha. Angelikuwapo mtu wa kuiimba tanzia ya kweli ya bidhaa, angelianzia hapo: kopo likiondoka na jina likabaki, ni nani ajuaye kilo mbili ni kiasi gani?

Kuhusu mbuzi, ambao ndio sababu ya Kiamaiko kujulikana, tanzia haisemi kitu. Mbuzi hana lebo, hana wimbo wa redio, hana kizibo cha kufunua. Huja kwa lori kutoka kaskazini, hukaguliwa, huchinjwa, hugongwa muhuri, na huuzwa kwa maneno ya ana kwa ana kati ya watu wawili ambao kila mmoja amjua mwenzake kuwa mjanja. Mzoga huenda kwenye mabucha ya mbali. Vichwa, kwato na matumbo hubaki kuwalisha jirani. Na bado wanunuzi wa Nairobi, wakitaka kusema kwamba nyama ni ya mbuzi wa kweli na imechinjwa leo, hutaja mahali ilipotoka. Jina la mtaa limefanya kazi ya chapa kwa miaka mingi bila ya mtangazaji kulipwa hata senti moja. Haliingii katika orodha za vitu vilivyotoweka kwa sababu halijatoweka, na fani ya tanzia haina namna ya kusifu kilicho hai.

Litabaki tatizo la mtunga kamusi atakayekubali kwenda sokoni. Majina yaliyopita kutoka kwenye chapa hadi kwenye matumizi yana tabia zake za kisarufi, na tabia hizo ndizo ushahidi bora kuliko machozi. Omo huulizwa "Omo gani?", na swali hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba neno limekwisha kuiacha kampuni na kuwa jina la sabuni yoyote ya unga. Kolgeti vivyo hivyo. Na kiwi, ambayo Tanzania imezaa mpiga kiwi, mtu anayeweza kung'arisha kiatu kwa rangi ya kampuni yoyote. Kigumu zaidi ni kasuku. Kapa Oil walipakia mafuta yao katika chombo chenye jina na picha ya ndege huyo, chombo kikapendwa kuliko mafuta, na kasuku sasa ni ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, ya kutunzia unga au kupimia nafaka. Ndege huchukua upatanisho wa viumbe: kasuku wawili wanapiga kelele. Ndoo huchukua upatanisho wa vitu: kasuku mbili zimejaa. Umbo la nomino halikubadilika hata kwa herufi moja, ilhali sarufi ya Kiamaiko imezitenga maana hizo mbili pasipo kusubiri ruhusa. Katika kamusi zastahili kuingia kama vidahizo viwili, kila kimoja na ngeli yake.